Nyanya za Daraja la Kwanza

Gare, Lushoto
23 Septemba 2024

Kwa Mwalimu Mkuu, Sista Sesilia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Nathanaeli, baba yake Jenoveva wa kidato cha nne. Nakuandikia nikiwa msibani. Mke wangu Scholastica alifariki Jumatano iliyopita. Alikuwa mtoni na wanawake wenzake wakiosha karoti za kupakia kwenye gari. Akasema kichwa kinamgonga, akakaa juu ya gunia, akajilaza. Wenzake wakadhani amechoka, wakamwacha apumzike. Walipokwenda kumwamsha hakuamka. Tulimzika Ijumaa.

Jenoveva hakuitwa. Wazee wa ukoo walitaka aitwe, mimi nikakataa, na lawama zote nimezibeba mwenyewe. Sista, mtihani wa taifa uko karibu, na marehemu alikuwa na nia moja tu hapa duniani, binti huyu amalize shule. Alikuwa akimwambia kila mtu mtoni kwamba wa kwake hataosha karoti za watu. Akija kuzika atarudi shuleni mwili mtupu, akili itabaki huku kaburini.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, asiambiwe mpaka afanye karatasi ya mwisho. Mimi nitamwandikia barua na kumpa konda wa basi azilete. Simu naiogopa, maana akisikia sauti yangu atajua, na lazima ataomba kusema na mama yake. La pili, kila barua inayoingia na inayotoka naomba uisome kwanza. Ndugu zetu hawana kifuniko mdomoni, mmoja akiandika pole tu mambo yameharibika.

Nyumbani nimebaki na mdogo wake, Clemence, mwenye miaka mitano. Huyo ameshaambiwa, ila bado anamwekea mama yake kigoda.

Wako katika Kristo,
Nathanaeli


Shuleni
27 Septemba 2024

Ndugu Nathanaeli,

Milele na milele, amina. Pole sana. Tumemwombea marehemu hapa kanisani bila kutaja jina.

Kusema kweli ombi lako limenipa uzito. Mtoto ana haki ya kumlilia mama yake. Lakini nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu, nimeona wasichana waliokwenda kuzika mwezi wa Oktoba wasirudi tena. Wewe ni baba yake, na mimi nitaheshimu neno lako.

Barua zote zitapita mezani kwangu. Yoyote itakayoonekana kumsumbua nitaizuia mpaka mtihani uishe. Simu ya shule pia hatapewa.

Mungu akutie nguvu wewe na mtoto.

Sista Sesilia


Shuleni
29 Septemba 2024

Wapendwa Mama na Baba,

Shikamooni. Mimi mzima, isipokuwa tumbo. Mama, kama ungeona kabichi tunayopewa hapa ungeita polisi. Wanaikata vipande kama vya kuni, wanaitupa kwenye maji yanayochemka tangu asubuhi, halafu inaelea pale juu peke yake, hata mafuta haijakutana nayo. Juzi nimejikuta naota mnavu wako. Si kwamba nakula, naota tu unachambua, jani kwa jani, na mimi nimekaa nasubiri.

Mbona siku ya wazazi hamkuja? Nilikaa getini tangu misa ilipoisha. Wenzangu waliletewa keki na soda, mimi nilikuwa nayasubiri maparachichi yangu, na nilikwishawaahidi watu. Nimeitwa mwongo bweni zima.

Mama, niandikie tunakula nini nyumbani. Usicheke. Andika kila kitu, nyanya, karoti, majani, mpaka chumvi. Nitakuwa naisoma wakati wa chakula, labda hii kabichi itapita.

Masomo yanakwenda. Kemia nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni binti mmoja kutoka Bungu anayesoma mpaka akiwa anachana nywele.

Clemence amefika wapi kwenye kuhesabu? Mwambie nikija nitampa mtihani.

Mwanenu,
Jenoveva


Gare
6 Oktoba 2024

Mwanangu Jenoveva,

Barua yako tumeipata na tumefurahi mno. Sisi wote wazima wa afya. Siku ya wazazi tulishindwa kuja kwa sababu ya mvua, barabara ilikatika pale kwenye kona ya Soni.

Mama yako anakusalimu sana. Angeandika mwenyewe ila mkono wa kulia umevimba, gunia la karoti lilimwangukia, hivyo yeye anasema na mimi ninaandika. Usiwe na wasiwasi, utapona.

Umeuliza tunakula nini. Mwanangu, mwaka huu tunakula vizuri. Leo mama yako amepika kabichi, kichwa kizito kilichofunga vizuri, majani yanang'aa, halina tundu hata moja. Pembeni ametuwekea kachumbari ya nyanya za bondeni. Unazijua nyanya zile, zile zinazopangwa juu ya tenga ili mnunuzi azione kwanza. Nimeamua kwamba kwangu hatuli tena zilizokataliwa na gari. Mtoto wa Dar es Salaam anakula nyanya nzima, na wangu ale yenye kidonda kwa kosa gani? Shamba lile nimeliuza nyanya zikiwa bado mtini, vijana wa mnunuzi ndio wanaopiga dawa na kuchuma, lakini tumekubaliana mboga ya nyumbani nichukue nitakavyo. Nachagua za daraja la kwanza.

Clemence anazipenda kupita kiasi. Anazing'ata mbichi akiwa amesimama, maji yanamtiririka mpaka kitovuni. Anahesabu mpaka ishirini, akiruka kumi na nne.

Soma kwa bidii. Mama yako anasema usimwaze yeye, umwaze Mungu.

Baba yako,
Nathanaeli


Shuleni
13 Oktoba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ahsante kwa barua, na pole Mama kwa mkono. Kabichi ya hapa imepita kidogo.

Baba, naomba nimsomeshe Mama somo alilonifundisha mwenyewe, aone kama nimelisahau. Msomee polepole, mkiwa jikoni, na wewe usikie.

Nyanya za bondeni ni za gari, nyumbani haziingii hata zikidondoka njiani. Za kwetu ni zile za nyuma ya jiko, zilizokunjamana, ambazo hazijawahi kuliona bomba la dawa. Jani la kupika liwe na matundu. Mdudu ndiye anayeonja kwanza, akilikataa na sisi tunalikataa. Mnavu unaoteshwa na ndege ukingoni mwa shamba la mtu usichumwe, kwa sababu dawa ya jirani huja na upepo. Maji ya kwanza ya mnavu yanamwagwa. Karoti ya kula mbichi imenywe maganda. Na Clemence haletewi jani zima, linapondwa pamoja na ndizi mpaka asilijue, naye anapewa akiwa amekaa, halafu anasifiwa kwamba amekula kama askari.

Je, Mama, nimepata ngapi?

Baba, kama kazi zimekuwa nyingi na bustani ya nyuma ya jiko imekauka, mtume Clemence kwa Mama Rahma akaombe. Hawezi kuwanyima.

Nawapenda wote.

Jenoveva


Shuleni
13 Oktoba 2024

Kwa jirani yetu, Mama Rahma,

Shikamoo Mama. Natumaini biashara ya mboga sokoni inakwenda na Rahma hajambo.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe hujui kunidanganya, ulishajaribu siku ile mbuzi wangu alipokufa ukashindwa. Mama yangu amekufa, sivyo?

Baba ameniandikia kwamba Mama amepika kabichi lisilo na tundu hata moja, na ametenga nyanya za bondeni mezani. Wewe umepika na Mama miaka yote, unamjua. Mama angeshinda na njaa kuliko kuleta nyanya ile mbele ya mtoto. Baba hajui, kwa sababu Baba hakuwahi kuuliza. Alikuwa anakaa, analetewa, anakula, anasema ahsante. Anadhani tulikuwa tunakula mbovu kwa ajili ya umaskini.

Yeye mwenyewe usimwambie kwamba nimejua. Ameandika uongo kurasa mbili na mkono wake haukuzoea. Kama anaona huo ndio msaada wake kwangu, basi namwachia. Nitafanya mtihani kama Mama alivyotaka, halafu nitakuja nilie.

Lakini Clemence, Mama Rahma. Vijana wa mnunuzi wanapiga dawa leo na kuchuma kesho, wewe ndiye uliyewagombeza mbele ya watu. Clemence anakula nyanya hizo mbichi, kila siku, na Baba anafurahi. Nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, umlishe mtoto kwako. Mpe chochote kutoka kwenye kitalu chako. Mwambie Baba umeota, au mwambie ni nadhiri, mwambie lolote lile.

Na kama nimekosea na Mama yu hai, mwambie akuandikishe neno moja tu nilipate. Nisipopata jibu nitaelewa.

Mwanao,
Jenoveva


Shuleni
15 Oktoba 2024

Ndugu Nathanaeli,

Amani ya Kristo.

Nakuletea barua ya Jenoveva ya kwenu. Niliisoma, ni barua nzuri ya mapishi, haina shida yoyote.

Ameandika nyingine kwa jirani yenu, mama mmoja Mwislamu. Hiyo nimeizuia. Anauliza kama mama yake amekufa. Halafu anaandika kwa kirefu habari za kabichi lisilo na tundu, na nyanya za bondeni, na kitalu cha jirani. Nimewalea wasichana wengi wakati wa mitihani, na nimeona hofu ikishika mambo madogo ya nyumbani na kuyafanya makubwa. Nadhani ndivyo ilivyo. Darasani yuko sawa, alama hazijashuka.

Nikiiachia, jirani atamjibu ukweli, na ahadi tuliyowekeana itavunjika. Ukitaka nikutumie uisome wewe, niambie.

Sista Sesilia


Gare
20 Oktoba 2024

Sista,

Tumsifu Yesu Kristo. Umefanya vyema kuizuia. Kaa nayo hukohuko. Mama Rahma ni mtu mwema lakini siri kwake hailali.

Ile ya kwetu niliifungua jikoni kama alivyoomba. Nilifika pale anaposema anamsomesha mama yake somo, Sista, sikuweza kuendelea. Nilikaa chini kwenye vumbi. Nimeikunja nimeiweka kabatini pamoja na kitenge cha marehemu. Akimaliza mtihani akaja, tutaisoma wote.

Kupika najifunza. Bustani ya marehemu ya nyuma ya jiko imeisha, siku za matanga masufuria makubwa yalikaa pale na watu walipikia pale, hakikubaki kitu. Kwa hiyo natumia vya shambani. Moto unanisumbua, ndiyo maana tunakula zaidi kachumbari. Mtoto anakula, na hilo ndilo ninaloliangalia. Sahani ikirudi tupu nasema leo nimeweza.

Nathanaeli


Gare
10 Novemba 2024

Mwanangu Jenoveva,

Kesho unaanza mtihani. Leo padre amewaombea watahiniwa wote, na mimi nilipiga magoti mpaka watu wakatoka wakaniacha. Mama yako pia anakuombea. Aliifurahia sana barua yako ya somo, amesema umepata zote.

Mkono wake unaendelea vizuri ila bado hawezi kushika kalamu.

Hapa ni mzigo tu wa nyanya. Bei imepanda, gari linakuja mara mbili kwa wiki, na vijana wako bondeni kila siku na mabomba yao. Tunazila sana. Mama yako anazikata duara, anazipanga kwenye sahani nyeupe ile ya wageni, anaweka na kitunguu.

Clemence anakusalimu. Siku hizi anatokwa na mate kama mtoto mchanga, shati linalowa mpaka kifuani. Mama yako anasema ni magego yanaota. Na kope zinamchezacheza zenyewe, tunamtania kwamba ameanza kukonyeza wasichana. Jana na juzi alitapika kidogo na jasho likamtoka, nikampa dawa ya minyoo, leo asubuhi amekuwa afadhali, akaomba nyanya. Anasema miguu imechoka, hataki kutembea, nambeba mgongoni. Amekuwa mdekaji. Usijali, ni utoto.

Andika kwa mwandiko mzuri na usome swali mara mbili. Hicho ndicho alichoniambia mwalimu wenu zamani.

Baba yako akupendaye,
Nathanaeli


Shuleni
14 Novemba 2024

Sista Sesilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii utaikuta mezani na mimi nitakuwa nimeondoka. Mlinzi asilaumiwe, nimetoka na wanawake wa jikoni walipokuwa wanapokea kuni.

Barua ya Baba nimeipata leo. Uliisoma kabla yangu na ukaona haina neno. Nisamehe nikisema hivi, Sista, lakini barua ile inasema mdogo wangu anakufa. Mate, jasho, kutapika, kope kucheza, miguu kuisha nguvu. Nilimwona kijana wa bomba akiwa hivyo bondeni nikiwa darasa la sita, alipiga dawa akielekea upepo. Walimbeba juu ya ubao wa mlango kama machela. Baba alikuwa Mtae siku hiyo, hakuona, aliambiwa tu kwamba kijana aliugua.

Nilikuja ofisini kwako saa nne, nikakuomba simu dakika moja. Ulinishika bega ukasema baada ya mtihani. Nikakwambia ni habari ya Clemence, ukasema nimtolee Mungu wasiwasi wangu. Hukuwa na nia mbaya, najua.

Mama amekufa. Nimejua tangu barua ya kwanza ya Baba, na barua yangu kwa Mama Rahma ilipokosa jibu nikawa na hakika. Nimelia kwenye mabafu na kisha nimeingia darasani. Karatasi za wiki hii nimezifanya vizuri. Ningemaliza, Sista. Nilitaka kumaliza kuliko kitu chochote, na naandika haya nikiwa nalia kwa ajili hiyo. Lakini Baba anampa mtoto sumu kwenye sahani ya wageni na hakuna mtu mwingine anayejua.

Nimeacha sare ya pili na ndoo. Kitabu cha baiolojia ni cha yule wa Bungu.

Jenoveva


Shuleni
15 Novemba 2024

Ndugu Nathanaeli,

Nimekupigia simu jana tangu mchana na leo tena, simu yako imezimwa. Namtuma dereva wa shule na barua hii.

Jenoveva ametoroka kurudi kwenu. Ameacha barua, nakala yake nakuletea. Pamoja nayo nakuletea ile ya jirani niliyoizuia mwezi uliopita. Isome yote. Hata kama huwezi, isome. Na ile iliyoko kabatini itoe uisome pia.

Acha kumpa mtoto kitu chochote cha shambani, na umpeleke hospitali mara moja. Waambie ni dawa ya nyanya.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi na ninajua kusoma, lakini barua ya mtoto yule niliisoma kama mtu anayetafuta siri moja tu iliyokatazwa, kila kingine nikakiona ni upuuzi. Nimemwomba Mungu msamaha. Kwako na kwake nitaomba nikija mwenyewe.

Leo alikuwa na karatasi. Kiti chake kimekaa wazi.

Sista Sesilia


Gare
8 Desemba 2024

Sista Sesilia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimechelewa kukujibu, tulikuwa hospitali. Dereva wako hakutukuta, barua alimwachia Mama Rahma.

Jenoveva alifika siku ileile aliyotoroka, jioni. Alipanda kwenye gari tupu la mboga lililokuwa linarudi mlimani. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nimempakata Clemence, nikidhani amelala. Nilipomwona binti yangu anapanda njia nilianza kutunga uongo mwingine, kwamba mama yake amekwenda Korogwe. Sikuhitaji. Hakuniuliza mama yuko wapi. Aliuliza, "Baba, Clemence amekula nini leo?"

Nikamwambia nyanya.

Akamchukua mikononi mwangu. Alimvua shati lililolowa, akamfungua mdomo akamtazama, akamwinamisha ubavu ili asipaliwe na mate yake. Akamwita Mama Rahma kwa sauti iliyosikika kitongoji kizima, na mume wake akatoa pikipiki. Jenoveva alikaa nyuma na mtoto katikati. Mimi niliwafuata kwa miguu. Njiani nilipita bondeni na vijana walikuwa wanafunga matenga, wakaniuliza, "Mzee, leo mboga huchukui?" Nikaongeza mwendo.

Daktari aliuliza mtoto amekula nini na tangu lini. Jenoveva ndiye aliyeeleza. Daktari akasema tungengoja mpaka asubuhi tungempoteza. Walimchoma dawa na kumwekea hewa, na siku kadhaa hatukujua ni wetu au si wetu. Sasa yuko nyumbani. Anakula, anaongea, anahesabu. Miguu haijarudi. Anakokota mmoja, na mwingine hausikii hata ukiufinya. Daktari anasema inaweza kurudi taratibu na inaweza isirudi, na kwamba asiachwe peke yake.

Ile barua ya kabatini nimeisoma. Jenoveva alinisomea, jikoni, neno kwa neno. Yote yalikuwamo humo. Ningeifungua tena hata siku moja tu, Sista, yote yalikuwamo. Mimi nimelima mboga tangu nikiwa mdogo, najua kabichi la kusafiri siku tatu na nyanya ya kufika Kariakoo ikiwa ngumu, na sikujua nilichokuwa nakula nyumbani kwangu mwenyewe wala kwa nini nilikuwa hai.

Kaburini tulikwenda wote watatu, mtoto nikiwa nimembeba. Jenoveva alilia siku hiyo. Alilia mpaka nikaogopa, halafu akajifuta akasema ni saa ya kupika.

Ujumbe wako wa juzi nimeupata, kwamba karatasi alizokosa haziwezi kurudiwa lakini anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwamba utamlipia na kumpa kitanda. Mungu akubariki. Nilimweleza jana. Alikuwa amekaa chini anachambua majani, Clemence ameegemea paja lake, na nilimwambia kwa furaha, kwa sababu ni furaha. Nikamwambia mwakani utarudi, utamaliza, kama mama yako alivyotaka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza akirudi shule, nani atabaki na Clemence na nani atampikia.

Nilitaka kusema mimi. Neno lilifika mdomoni, nikamwona mtoto ananitazama, na sikuthubutu.

Nathanaeli